Magurudumu mawili ya kuendea, mawili ya kurudia

Asubuhi ile niliamka kabla ya wenzangu, nikatoka hemani, nikaliangalia gari, kisha nikauangalia mteremko tulioshuka nao jioni. Jioni ulikuwa nyasi tupu. Usiku mvua ilinyesha kwa saa kama tatu, ile mvua isiyo na kelele, na sasa chini ya nyasi kulikuwa na mfinyanzi uliolowa, unang'aa kama umepakwa mafuta. Nilikanyaga hatua moja, kiatu kikaondoka na mguu. Nikajua nimejifungia mwenyewe.

Gari lina AWD, yaani injini inaweza kuzungusha magurudumu yote manne. Imeandikwa nyuma, kwa herufi za kung'aa. Tuseme ukweli, nililinunua kwa ajili ya herufi hizo, na jioni ile nilishuka mteremko kwa sababu ya herufi hizohizo. Tulitoka pale saa nane mchana, baada ya jua kukausha upande mmoja wa njia, na baada ya watu wanne wazima kukata matawi makavu na kuyatandika chini ya matairi, huku mmoja wao (simtaji, ni shemeji yangu) akitoa maelekezo yanayopingana kila dakika.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja. Nikiwa nakwenda, naendesha kana kwamba gari langu linavutwa na magurudumu mawili tu, yale ya mbele. Njia ambayo gari la kawaida la kuvuta mbele lisingepita, sipiti, au napita baada ya kushuka na kuikagua kwa miguu. Magurudumu mengine mawili ni akiba ya kurudia. Ukiyatumia kuingilia, utatokea na nini?

Shemeji huicheka sana kanuni hii. Yeye ana pikapu ya zamani yenye fremu, foo wili ya kuingiza kwa mkono na ile gia ya nguvu ya kutambalia. "Sasa shemeji, ulinunua foo wili ya nini kama unaiogopa njia?" Swali lake ni zuri kuliko anavyodhani, maana wengi wanaomiliki krosova ndogo kama langu, gari lenye umbo la jipu lakini lililojengwa kama gari dogo la kawaida, hawajawahi kujiuliza.

Jibu langu ni kwamba sikununua gari la porini. Na waliolitengeneza hawakunidanganya, ni mimi nilijidanganya. Subaru walitia foo wili kwenye Leone mwaka 1972, na Leone lilikuwa gari la familia. Toyota walipotoa RAV4 mwaka 1994 hawakuijenga juu ya fremu kama Land Cruiser, waliipa bodi ya kipande kimoja kama gari dogo la saluni, na vipuri vyake vingi vilitoka kwenye saluni zao. Mwaka uliofuata Honda wakaleta CR-V, na kifuniko cha sakafu ya buti lake kilikuwa kinatolewa, kinakunjuliwa miguu, kinakuwa meza ya pikiniki. Naipenda sana ile meza. Kampuni inayokuuzia gari lenye meza ya pikiniki imeshakwambia inakutarajia uishie wapi: mwisho wa barabara ya vumbi, chini ya mti, kabla ya mahali njia inapoanza kuwa mbaya.

Ukilala chini yake ukatazama juu, utaelewa zaidi. Mengi ya magari haya ni magari ya kuvuta mbele yaliyoongezewa mkia. Injini imekaa kwa upana, giaboksi inasukuma magurudumu ya mbele, na propela, ule mhimili mwembamba wa chuma unaozunguka, inakwenda nyuma mpaka kwenye klachi iliyobanana na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto. Kompyuta ikihisi mbele kunateleza, inaibana ile klachi na nyuma kunaanza kusukuma. Subaru wana mpangilio wao, injini imekaa kwa urefu na nguvu inakwenda mbele na nyuma wakati wote. RAV4 za haibridi zenye AWD nazo hazina hata propela, nyuma kuna mota ya umeme inayojitegemea. Lakini kwa mengi tunayokutana nayo barabarani, habari yote iko kwenye ile klachi, na klachi ikisuguliwa sana inapata moto. Hangaika kwenye mchanga mzito dakika kadhaa, injini inaunguruma na gari halisogei, taa itawaka kwenye dashibodi na nyuma kutazimwa ili kusiungue. Hapo umebaki na gari la kuvuta mbele, zito kuliko la jirani yako, na umeliingiza mahali ambapo jirani hakuthubutu.

Kuna na jambo la pili ambalo herufi za nyuma hazisemi. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye kazi nyepesi. Vuka mtaro kwa mshazari, gurudumu la mbele kushoto liwe linaning'inia na la nyuma kulia limeguswa tu na ardhi. Hayo mawili ndiyo yatakayozunguka bure. Yale mawili yaliyoshika ardhi barabara yatakaa kimya kama wageni msibani. AWD ipo, inafanya kazi, na gari haliendi.

Dawa iliyopo kwenye krosova nyingi za sasa ni breki. Kompyuta hulibana gurudumu linalozunguka bure ili nguvu ihamie upande wa pili. Utasikia krr, krr, krr chini ya miguu, na gari zima litatetemeka kama lina homa. Ukisikia hivyo mara ya kwanza utaondoa mguu kwenye mafuta, kwa sababu sauti ile ni ya kitu kinachovunjika. Mimi niliondoa mara nyingi kabla hajatokea mtu wa kuniambia niuache. Shikilia mafuta palepale, usiongeze, usipunguze. Hesabu moja, mbili, tatu. Gari litajiinua polepole kama mzee anayetoka kwenye kiti kirefu, kisha ghafla limevuka. Dereva asiyejua hili atakwambia AWD yake ni mbovu, kumbe kila mara anaikatisha ikiwa inaanza kufanya kazi.

Kwenye mchanga mambo yanageuka. Pale ile kompyuta ya kuzuia kuteleza huminya nguvu wakati wewe unahitaji mwendo, basi izime kabla ya kuingia. Lakini kinachosaidia kuliko vibonye vyote ni upepo. Matairi yangu hukaa kwenye PSI 32. Nikiona mchanga wa kweli, nashuka, nayateremsha hadi 20, yanatandaa kama unyayo wa ngamia, na gari lililokuwa linachimba linaanza kuelea. Nina pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la umeme la gari. Inapiga kelele na inachukua muda mrefu, wenzangu wanapata nafasi ya kunisema, lakini sirudi kwenye lami na matairi laini. Tairi laini kwenye mwendo kasi linapata moto na linaweza kupasuka au kutoka kwenye rimu.

Sasa nije kwenye hatari ninayoiogopa zaidi, na haiko porini. Iko kwenye lami yenye maji.

Kila gari lina breki za magurudumu manne. Krosova ya AWD haina breki ya tano. Haisimami mapema kuliko gari la kuvuta mbele lenye matairi kama yake na uzito kama wake, na ikizidi uzito, shida ni yake. Kwenye kona hivyohivyo, kinachokushikilia ni raba iliyogusa barabara, sehemu nne ambazo kila moja haizidi sana kiganja cha mkono. AWD inasaidia kuondoka tu. Na hapo ndipo mtego ulipo: gari la kuvuta mbele likiondoka kwenye utelezi, tairi linazunguka kidogo, usukani unatikisika, na wewe unajua leo barabara si nzuri. Langu huondoka kimya, limenyooka, halijanipa habari yoyote. Kisha mbele kuna taa nyekundu, nagusa breki, na ndiyo mara ya kwanza barabara inanisalimia. Kwa wanaoendesha kwenye theluji ni hayohayo, tena zaidi. Dereva wa AWD anaweza kufika kwenye mwendo ambao hawezi kuutoka.

Kwa hiyo siku ya mvua nimejiwekea zoezi la kizembe. Barabara ikiwa tupu, mwendo mdogo, nabonyeza breki kwa nguvu mara moja mpaka nisikie zinadunda, dalili kwamba matairi yameanza kuteleza. Nikishajua barabara ilivyo, naendelea na safari. Abiria wangu wameshazoea, ila mama yangu bado hushika kile kishikio cha juu na kuniita kwa jina langu lote.

Nimetaja matairi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipolipa ada ya ujinga.

Jiwe lilichana ubavu wa tairi la nyuma kushoto. Nikanunua moja jipya, aina ileile, saizi ileile, nikajiona mwerevu kwa kutonunua nisichohitaji. Baada ya miezi kadhaa, kila nikikata kona kali ya kuegesha, gari likawa linagoma. Linajivuta kwa kusitasita, kama kuna mtu amegusa breki ya mkono. Nikalipeleka kwa fundi. Hakuchomeka kompyuta yoyote. Alisawazisha upepo kwenye matairi yote, akachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine sakafuni chini yake, akalisukuma gari taratibu mpaka mstari wa tairi ukagusa tena sakafu, akachora hapo, akatandika futi kamba. Akarudia kwa matairi yote manne bila kusema neno. Namba aliziandika kwa chaki palepale sakafuni. Matatu: 211.5. Moja: 214.

"Dada, hili ulibadilisha lini?"

Sentimita mbili na nusu. Niliziangalia nikaona si kitu. Akaniuliza gari lisipokata kona, liko barabarani limenyooka, magurudumu hayo manne yanazunguka sawa? Nikapiga hesabu kwenye simu. Kwa kila kilomita, yale yaliyolika huzunguka mizunguko mitano na nusu zaidi ya lile jipya. Nenda kilomita 100, tofauti imeshapita mizunguko 500. Lazima kuna kitu katikati kinachomeza tofauti hiyo, na hicho kitu ni difu na ile klachi, zinasuguana siku nzima kwenye lami kavu, mahali ambapo hazikutakiwa kufanya kazi yoyote.

Subaru wanataka tofauti ya mzunguko kati ya matairi isizidi robo ya inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Fikiria ni ndogo kiasi gani: meno ya tairi yakilika milimita 1, mzunguko wake unapungua kwa milimita 6 hizohizo na kidogo. Watengenezaji wengine wana viwango vyao, kitabu cha gari kitakwambia. Maana yake ni kwamba ukichana tairi moja wakati mengine yamefika nusu, hujachana moja. Ama ununue manne, ama utafute lililotumika lenye meno ya kimo kilekile, na mimi baada ya siku ile hutafuta. Pia nayabadilishana mbele na nyuma kila kilomita 10,000 ili yalike pamoja. Haya hakuna aliyeniambia siku ya kununua. Muuzaji alinionyesha vibonye, akanionyesha kamera ya nyuma, akanionyesha paa la kioo. Kuhusu matairi alisema tu ni mapya.

Mafuta ya difu ya nyuma ndiyo ndugu yake jambo hili. Yamekaa huko nyuma, hayavuji, hayapigi kelele, na watu hubadilisha mafuta ya injini mara kumi bila kuyakumbuka. Waulize. Na gari likiharibika njiani, usikubali livutwe huku magurudumu mawili yakiwa hewani na mawili yanaburuzika chini; kwenye magari mengi ya AWD hiyo ni njia ya kuua kilichokuwa kizima. Libebwe lote mgongoni mwa breki dauni. Nilishawahi kusimama mbele ya gari langu nimenyoosha mikono kama askari, dereva wa breki dauni anasema amevuta magari miaka yote, mimi nasema hili halivutwi. Alikasirika. Akaleta lingine.

Kwa siku za kawaida sina malalamiko. Jumatatu hadi Ijumaa ni gari tu: linaingia kwenye nafasi ya kuegesha, linageuka kwenye njia nyembamba, na kimo cha kiti chake kinamwezesha mama mwenye magoti mabovu kuingia kwa kukaa, hapandi wala hadumbukii. Hilo la kiti ningeliweka juu ya mengi yanayosifiwa kwenye matangazo. Linakunywa mafuta zaidi kidogo ya ndugu yake wa kuvuta mbele, kwa sababu linabeba propela na difu kila siku hata siku ambazo havina kazi, na siku hizo ndizo nyingi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza, humuuliza kwanza barabara ya nyumbani kwake ikoje. Kama huachi lami, chukua la kuvuta mbele, na tofauti ya bei iweke kwenye matairi mazuri. Utakuwa salama kunishinda. Kama mwisho wa safari yako huwa kuna kilomita chache za vumbi, mlima wa changarawe, uwanja wa nyasi baada ya mvua, hapo AWD itakufaa, na krosova ndogo inatosha. Usimsikilize shemeji.

Kimo cha tumbo lake, hata hivyo, kipime mwenyewe. Forester na Crosstrek za Subaru hutangazwa kwa milimita 220, nyingine nyingi ziko chini ya hapo, na namba hizo hupimwa gari likiwa tupu. Pakia watu wanne, maji, mahema na yule mtu anayebeba vyombo vya jiko zima, halafu tazama matairi ya nyuma yalivyojificha. Jiwe ulilopita juu yake mwezi uliopita ukiwa peke yako ndilo litakalokukwangua leo. Na bampa la mbele la magari haya limeshuka na limechomoza, ni rahisi kuling'oa kwenye ukingo wa mtaro huku tumbo likiwa bado halijagusa kitu.

Kuhusu mahema ya juu ya paa, najua nitawaudhi wengi. Paa la krosova ndogo mara nyingi linaruhusiwa kubeba kilo 75 hadi 100 gari likiwa kwenye mwendo, pamoja na zile fito za kufungia. Hema lenyewe laweza kufika kilo 60. Likisimama linabeba zaidi, ndiyo, ndiyo maana watu wawili wanalala juu bila paa kubonyea. Lakini njiani umeuweka mzigo mahali pabaya kuliko pote, gari linayumba kwenye kona na upepo unakula mafuta yako. Mimi hulala ndani. Nilipokuwa nanunua niliomba viti vya nyuma vilazwe, nikavua viatu, nikalala mbele ya muuzaji. Nina sentimita 168, nalala kwa mshazari na magoti yamekunjwa kidogo, na kuna kibonyeo pale viti vinapoungana kinachotaka blanketi lililokunjwa mara mbili. Muuzaji alitazama pembeni mpaka nilipomaliza.

Ule mteremko nimerudi nao mara mbili tangu siku ya matawi. Kuna tambarare ya changarawe juu yake, hatua kama mia mbili kutoka tunapopiga hema. Naegesha pale, uso ukiangalia njia ya kutokea. Vitu tunashusha kwa mgongo. Safari ya mwisho shemeji alibeba dumu la maji la lita ishirini, akalitua mara nne njiani, na kila alipolitua aligeuka kuliangalia gari kule juu, kisha kuniangalia mimi. Mara ya nne akasema, "Hizo herufi ungezibandua basi, tuziuze." Pikapu yake aliiacha nyumbani siku ile. Klachi ilikuwa imekwisha.